Kelele za Chura: Maarifa, Ujinga na Dhana ya Amana katika Milima ya Udzungwa

Utangulizi

Methali isemayo kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji ni miongoni mwa methali za Kiswahili zipendwazo mno na wenye nguvu. Hutamkwa na mkubwa anayelaumiwa, na mwanasiasa anayepingwa, na tajiri anayelalamikiwa na majirani zake. Maana yake ya kijumla haina utata: mnyonge na apige kelele apendavyo, mwenye nguvu atafanya alilokusudia. Ni nadra, hata hivyo, kwa anayeitumia methali hii kujiuliza chura alikuwa akilalamikia nini.

Makala haya yanakusudia kulichukua swali hilo kwa uzito, kwa kulipeleka mahali ambapo chura si sitiari na maji si sitiari. Mahali penyewe ni korongo la mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, Tanzania, ambako katika miaka ya 1990 watafiti wa ikolojia walikutana na kiumbe asiyejulikana na sayansi, wakati ujenzi wa bwawa la kuzalisha umeme ulikuwa umekwisha kuanza. Kisa hiki kimejadiliwa sana na wanabiolojia na wachumi. Kinachotafutwa hapa ni swali la kimaadili lililomo ndani yake: je, binadamu anawajibika kwa kile asichokijua? Na akishakijua, ujuzi huo unamdai nini? Itadaiwa kwamba wajibu hutangulia maarifa, na kwamba dhana ya amana, ambayo ni kongwe katika maadili ya jamii za Waswahili, hulieleza jambo hili vizuri zaidi kuliko dhana ya manufaa inayotumiwa na pande zote mbili za mjadala.

Korongo na Wakazi Wake

Milima ya Tao la Mashariki huanzia Taita nchini Kenya, ikapitia Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho, hadi kufikia Udzungwa na Mahenge. Miamba yake ni ya kale mno, na misitu yake imelishwa kwa muda mrefu na unyevu utokao Bahari ya Hindi. Kwa kuwa kila kundi la milima limetengwa na jingine kwa nyanda kavu, viumbe wengi wamebadilika kila mmoja mahali pake. Matokeo ni kwamba wapo ndege, vinyonga, vyura na mimea wasiopatikana popote duniani isipokuwa katika safu moja ya milima, na pengine katika msitu mmoja tu. Mfano ulio karibu ni wa vilima vya Taita, ambako misitu ya Ngangao, Mbololo na Chawia imesalia kama visiwa katikati ya mashamba, na ndani yake mna ndege wasioishi kwingineko.

Mto Kihansi huteremka kutoka ukingo wa Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Kabla ya kujengwa kwa bwawa, maji yalipoanguka katika korongo yalipasuka yakawa manyunyu yasiyokoma usiku na mchana. Manyunyu hayo yalilowesha vipande vichache vya ardhi yenye mimea mifupi, ambavyo jumla yake ilikuwa takriban hekta 2. Humo ndimo alimokuwa akiishi chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefikia urefu wa sentimeta 3, ambaye jike lake halitagi mayai kama vyura wengi bali huzaa watoto walio hai. Hana sikio la nje. Watafiti walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Baadaye walimpa jina la kisayansi Nectophrynoides asperginis.

Mradi wa umeme wa Kihansi ulikuwa na uwezo wa megawati 180. Uligharimiwa kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia na mashirika ya nchi kadhaa za Ulaya. Faida yake ya kihandisi ilitokana na jambo lile lile lililomlea chura: maji kuanguka kutoka juu sana kwa mwendo mfupi. Mitambo ilipoanza kufanya kazi, kati ya 1999 na 2000, karibu sehemu tisa katika kumi za maji ya mto zilielekezwa kwenye njia ya chini ya ardhi, na manyunyu yakafifia. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walichukuliwa na kupelekwa katika bustani za wanyama nchini Marekani. Mwaka 2001 korongoni pakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga manyunyu yaliyopotea. Kwa muda vyura waliongezeka, na mnamo Juni 2003 walikisiwa kuwa maelfu. Miezi michache baadaye walitoweka kwa ghafula. Ugonjwa wa ukungu unaoua amfibia katika sehemu nyingi za dunia uligunduliwa miongoni mwao, ingawa chanzo cha maangamizi hayo hakiwezi kutengwa na misukosuko mingine ya korongo. Januari 2004 walionekana vyura watatu tu. Mwaka 2009 spishi hii ilitangazwa rasmi kuwa imetoweka katika mazingira yake ya asili.

Methali na Kidimbwi Chake

Yafaa sasa kuirudia methali. Uhakiki wa methali mara nyingi huishia katika matumizi yake ya kijamii, na kuiacha picha yenyewe bila kuchunguzwa. Picha ya methali hii ina sharti moja ambalo halikutajwa: kwamba ng'ombe akishakunywa ataondoka, na kidimbwi kitabaki. Chura ataendelea kulia, kesho ng'ombe atarudi, na hali ya mambo itakuwa vile vile. Kejeli ya methali inategemea kudumu huku kwa kidimbwi. Kelele za chura ni za kuchekesha kwa sababu hakuna anachopoteza isipokuwa utulivu wake.

Katika korongo la Kihansi sharti hilo halikutimia. Aliyekuja kunywa alikunywa kidimbwi chote. Kwa hiyo methali haiwezi kutumiwa kama hukumu ya kisa hiki, kwani kisa kimeubomoa msingi ambao methali imejengwa juu yake. Hili si kosa la wahenga. Wao walitunga kwa mujibu wa uwezo wa ng'ombe, na hakuna ng'ombe awezaye kuuhamisha mto. Kosa ni la wale wanaoirithi hekima ya zama za uwezo mdogo na kuitumia kuhalalisha matendo ya zama za uwezo mkubwa. Pale ambapo nguvu za mtendaji zimebadilika, maadili ya tendo lake hayawezi kubaki yalivyokuwa.

Lipo jambo la pili. Katika ngano za Kiafrika wanyama hupewa heshima ya kimaadili kwa kupewa lugha. Sungura, fisi na kobe husikilizwa kwa kuwa husema. Chura wa methali naye ana kelele, hata kama zinapuuzwa. Chura wa Kihansi, kwa upande wake, ana sauti hafifu, na palikuwa na maporomoko ya maji karibu naye. Alihitaji msemaji, na msemaji aliyepatikana alikuwa mtafiti. Mtafiti alikuja na daftari na kipimo badala ya ngano, akaandika ripoti. Ripoti ni utanzu wenye kanuni zake, na mojawapo ya kanuni hizo ni kwamba lazima mtu aiombe kabla haijaandikwa. Tatizo la Kihansi linaanzia hapo.

Hoja ya Walioshiba na Wenye Njaa

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu ni anasa ya walioshiba. Hoja yao haistahili kudharauliwa. Katika miaka ya 1990 Tanzania ilipatwa na mgao wa umeme mara kadhaa kutokana na ukame uliopunguza maji ya mabwawa. Umeme unapokatika, anayeumia si mwenye jenereta. Anayeumia ni mama anayejifungua katika zahanati yenye giza, fundi ambaye mashine yake imesimama, mwanafunzi anayesomea koroboi. Kumwambia mtu wa aina hiyo asubiri kwa ajili ya chura asiyezidi urefu wa kidole gumba ni jambo linaloonekana kuwa la kikatili, hasa likisemwa na mtu wa nchi ambayo ilikwisha kuyafunga mabwawa yake na kuikata misitu yake zamani.

Hata hivyo, hoja hii inathibitisha kwamba umeme ulihitajika. Haithibitishi kwamba uamuzi ulipaswa kutolewa kabla ya kujulikana kilichomo korongoni. Mambo haya mawili huchanganywa kwa urahisi, na mchanganyiko huo humfaidi anayetaka haraka. Isitoshe, neno "taifa" linalotumiwa katika hoja hiyo linahitaji kuchunguzwa. Umeme wa Kihansi huingia katika gridi ya taifa, na gridi haiulizi ni nani anayekaa kando ya mto. Mahitaji ya maskini huweza kuwa sababu ya kweli ya mradi, na huweza pia kuwa vazi la mahitaji ya wengine. Mhakiki aliyezoea kuuliza ni nani anayesema ndani ya matini, na kwa niaba ya nani, hana sababu ya kuacha kuuliza hivyo anaposoma matini ya maendeleo.

Kwa upande wa pili, baadhi ya watetezi wa chura nao hujibu kwa hoja ya manufaa. Husema kwamba huenda siku moja ngozi ya kiumbe kama huyu ikapatikana kuwa na dawa, au kwamba kahawa mwitu inayoota katika korongo hilo, Coffea kihansiensis, iliyoelezwa na wanabotania mwaka 2004, huenda ikawafaa wakulima wa kesho. Yumkini ni kweli. Lakini utetezi huu umekwisha kuukubali msingi wa mshtaki, yaani kwamba kitu kina thamani kwa kadiri kinavyomfaa binadamu. Ikithibitika kesho kwamba ngozi ya chura haina dawa yoyote, chura atakuwa amepoteza kesi. Utetezi unaomwokoa mshtakiwa kwa sharti la kuajiriwa hauwezi kuitwa haki.

Maneno yenyewe yanachangia upotovu huu. Neno "rasilimali", lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni mtaji. Anayeuita msitu rasilimali amekwisha kuuweka dukani kabla ya kuuingia. Hata neno "mazingira", ambalo linaonekana kuwa la upole zaidi, linatokana na kitenzi "zingira", na huashiria kitu kinachozunguka kitu kingine. Anayezungukwa, katika matumizi ya kawaida, ni binadamu. Korongo la Kihansi lilikuwa limemzunguka chura, na mashariti ya uhai wake yalipimwa kwa matone na wala si kwa megawati.

Amana Iliyofungwa

Turathi ya maadili ya Waswahili inayo dhana nyingine inayoweza kuusaidia mjadala huu kutoka katika mkwamo wa manufaa. Dhana hiyo ni amana. Amana ni kitu alichokabidhiwa mtu akitunze kwa ajili ya mwingine. Anayekipokea hakimiliki, ingawa kiko mikononi mwake. Anaweza kukilinda, na katika hali fulani anaweza hata kukitumia kwa idhini, lakini lazima akirudishe. Kuikhini amana huhesabiwa kuwa miongoni mwa aibu kubwa kabisa, kwa kuwa mwenye mali hayupo kujitetea.

Sifa moja ya amana inahusiana moja kwa moja na swali la makala haya. Mtu anaweza kuwekewa amana ndani ya kifurushi kilichofungwa. Msafiri humwachia jirani kijisanduku, akaondoka bila kusema kilichomo. Je, jirani akikitupa motoni kupikia chai, ataweza kujitetea kwamba hakujua kwamba ndani yake mlikuwa na hati za nyumba? Hakuna kadhi wala mzee wa mtaa atakayeukubali utetezi huo. Wajibu wa jirani ulianza alipokipokea kijisanduku, wala haukungoja kifunguliwe. Kutojua kilichomo hakukumpunguzia dhamana hiyo, bali kulimwongezea tahadhari.

Milima ya Udzungwa ni kifurushi cha namna hiyo. Swali la ni nani aliyeiweka amana litajibiwa kwa njia tofauti: muumini atasema ni Mwenyezi Mungu, na asiye muumini atasema kwamba waliokuja kabla wameiacha kwa ajili ya watakaokuja baadaye. Majibu yote mawili yanafikia hitimisho moja, kwamba aliye hai leo si mwenye mali. Kwa mtazamo huu, ugunduzi wa mwaka 1996 haukuzaa wajibu mpya. Uliusoma tu wajibu uliokuwapo, kama mtu anayesoma jina lililoandikwa juu ya bahasha ambayo amekuwa akiitunza miaka mingi.

Kutokana na hayo, yafaa kutofautisha aina tatu za kutojua. Kwanza, kuna kutojua kwa mtu aliyetafuta kwa bidii na hakupata. Huyu ana udhuru. Pili, kuna kutojua kwa mtu ambaye hakutafuta, kwa kuwa kutafuta kungemchelewesha. Huyu hana udhuru, ingawa hudhani anao. Tatu, kuna hali ya mtu anayetafuta wakati ambapo jibu haliwezi tena kubadilisha chochote. Hali hii ya tatu ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu inafanana na uadilifu. Tathmini ya athari huandikwa, watafiti hutumwa, kurasa hujazwa, lakini mkataba umekwisha kutiwa saini na miamba imekwisha kulipuliwa. Katika Kihansi tathmini za awali hazikuyachunguza kwa kina makazi ya manyunyu. Uchunguzi wa kina ulikuja wakati ujenzi ukiendelea. Hakuna haja ya kumtafutia mtu fulani lawama ili kuona kwamba utaratibu wenyewe ulikuwa umepinduliwa. Maarifa yalichelewa mno kuweza kuushauri uamuzi, yakabaki na kazi ya kuushuhudia.

Kutaja na Kutunza

Wanasayansi wa milimani hutaja viumbe majina, na kutaja ni tendo la kimaadili. Mifano mitatu inatosha. Ua lililochukuliwa kutoka Usambara mwishoni mwa karne ya 19 lilipewa mwaka 1893 jina la Saintpaulia, kutokana na ukoo wa ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyelipeleka kwao. Limeuzwa madirishani kote Ulaya na Marekani, na jina hilo halimwambii mnunuzi lolote kuhusu Usambara. Mfano wa pili ni wa tumbili aliyetangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005, kutoka Mlima Rungwe na msitu wa Ndundulu wa Udzungwa. Wanyakyusa walikuwa na jina lake, kipunji, na jina hilo likahifadhiwa ndani ya jina la kisayansi. Hapa neno "kugunduliwa" lenyewe linatiliwa shaka, kwani kilichogunduliwa ni kwamba wenyeji walikuwa wakisema kweli.

Mfano wa tatu ni wa chura. Neno asperginis katika Kilatini linahusu manyunyu. Waliompa jina hawakujitukuza wao wala hawakumtukuza mfadhili. Waliliandika ndani ya jina sharti la uhai wake. Kwa hiyo kila anayelitaja jina hilo analitaja pia lile lililoondolewa. Ni jina linaloshuhudia dhidi ya hali ya mambo, na katika maana hii lina uaminifu kuliko ripoti nyingi ndefu.

Hapa pana swali gumu la utambulisho. Vyura waliozaliana ndani ya vioo katika bustani za Bronx na Toledo, chini ya manyunyu ya mashine, walikuwa na damu ya Kihansi, lakini hawakuwa na Kihansi. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 vikaanza vipindi vya kuwarejesha korongoni. Ni kazi ya subira inayostahili heshima. Hata hivyo, korongo walilorudishwa ni korongo linalonyweshwa kwa mabomba, na mabomba yanahitaji fundi, bajeti na nia ya watu wasiozaliwa bado. Manyunyu yaliyokuwa yakitolewa bure na mlima sasa ni wajibu wa kudumu wa binadamu. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta huu hauna siku ya kumalizika.

Hitimisho

Imejitokeza kwamba kisa cha Kihansi hakimlazimishi mtu kuchagua kati ya chura na taa. Kinamlazimisha kukubali kwamba chaguo hilo lilipokuja kuonekana, lilikuwa limekwisha kufanywa na watu wasiojua kwamba wanachagua. Ukosefu wa haki ulikuwa katika mpangilio wa mambo: uamuzi kwanza, maarifa baadaye. Dhana ya amana inaupinga mpangilio huu, kwa kuwa inaweka wajibu katika kupokea, wala haiungoji ujuzi. Aliyekabidhiwa kifurushi hukichunguza kabla ya kukiweka karibu na moto.

Yako madhara mawili ya kimatendo kwa mtazamo huu. Mtafiti wa milimani hawezi kujiona kama mpimaji tu anayekabidhi takwimu na kwenda zake. Akikubali kuchunguza mahali ambapo uamuzi umekwisha kutolewa, anapaswa kusema hivyo waziwazi katika ukurasa wa kwanza wa ripoti yake, ili msomaji asidhani kwamba utafiti uliushauri mradi. Naye anayewasha taa Dar es Salaam, Iringa au kwingineko hawezi kujihesabu kuwa nje ya kisa. Mwanga wake ni halali, na ni wa lazima, lakini una deni ndani yake, na deni hilo hulipwa kwa kuyatunza mabomba ya Kihansi, na kwa kudai kwamba mlima unaofuata uchunguzwe kabla ya kuwekewa alama za ujenzi.

Kuhusu methali, hakuna sababu ya kuifuta katika lugha. Itaendelea kutumika, na mara nyingine itatumika kwa haki. Kinachohitajika ni kwamba anayeitamka aulizwe swali moja ambalo picha yake iliweza kulipuuza kwa sababu kidimbwi kilikuwa kikibaki: ng'ombe akishakunywa, patakuwa na maji kesho?